Kofia Ngumu ya Pikipiki: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Kutoka Kitete hadi pembezoni mwa Manispaa ya Tabora, bodaboda huacha lami na kuingia ghafla katika mchanga laini, gurudumu la mbele likayumba. Mvua za Novemba hadi Aprili nazo huficha mashimo chini ya maji. Hatari hizo haziondolewi na uhodari wa dereva peke yake. Mwili hauna budi kukingwa.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Ganda la nje hutawanya kishindo; povu gumu la ndani hubonyea ili pigo lote lisifike kwenye ubongo.

Kwa hiyo, mnunuzi akague:

1. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) au ya shirika jingine linalotambulika.
2. Povu nene na gumu. Ganda lenye kitambaa tu hukinga jua, si ajali.
3. Mkanda wa kidevuni. Ufunge, kisha tikisa kichwa, kofia isizunguke.
4. Risiti.

Kofia iliyokwisha kupata ajali isivaliwe tena, hata isipoonesha ufa, kwa kuwa povu lililobonyea halirudii nguvu yake.

Abiria naye adai kofia kabla ya kupanda, na aifunge mkanda. Jaketi nene, suruali ndefu na viatu vya kufunika huokoa ngozi.