Gesi Imeenda Wapi? Somo kwa Vikundi Vyenye Gari

Somo la leo ni juu ya kiyoyozi cha gari kuukuu. Najua kuna watakaocheka: sisi tunatafuta maji na karo, na huyu anatuletea mambo ya baridi ndani ya gari! Subirini kidogo.

Nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja upande wa Dagoretti. Walichanga wakanunua saluni kuukuu ya kukodisha. Jumamosi inabeba maharusi, siku nyingine wagonjwa wa kliniki. Bibi harusi hakubali kufungua dirisha kwenye vumbi la Naivasha Road, na saa saba mchana hawezi kukaa na vioo vimefungwa bila kiyoyozi. Hata Julai kwenye baridi kinahitajika, maana hukausha hewa na kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele.

Kiyoyozi kikaacha kupoza. Fundi mmoja mjini akasema, "Mama, gesi imeisha." Akajaza, akalipwa. Wiki sita, joto tena. Akajaza tena. Mara ya tatu pesa zilitolewa kwenye mkopo wa mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akaambiwa angoje. Ndipo mweka hazina, muuza mboga, akamwuliza fundi: "Petroli naelewa, inachomeka. Hii gesi yako inaenda wapi?" Fundi akanyamaza.

Simamisheni kusoma hapa, mjibu swali la huyo mama kwanza.

Gesi ya kiyoyozi haichomeki. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza ikapata moto. Ikifika kwenye kondensa, mbele ya rejeta, hupoa ikawa majimaji. Halafu hupenya kwenye tundu jembamba na kuchemka ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, ikinyonya joto la ndani ya gari, kama jasho linavyokupoza likikauka. Kisha inarudi kwenye kompresa. Kweli, gari kuukuu hupoteza kidogo mwaka hadi mwaka kupitia mipira na sili. Lakini gesi ikiisha kwa wiki sita, kuna mahali inavuja. Kujaza bila kuziba ni kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Kwanza angalieni vitu rahisi: fyuzi, mkanda, feni, na kondensa iliyozibwa na matope. Vikiwa sawa, tafuteni uvujaji. Gesi hutoka pamoja na oili, kwa hiyo penye tundu mara nyingi vumbi limegandamana na mafuta. Pakeni povu la sabuni kwenye viungo. Kama gesi yote imetoka, fundi ajaze naitrojeni kavu ya kupimia. Oksijeni ya kuchomelea vyuma hapana kabisa, ikikutana na oili inaweza kulipuka.

Tundu likizibwa, badilisheni mipira ya viungo na kile kichungi kinachofyonza unyevu. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado tunaiita Grogan, mtapata spea za mitumba, lakini kichungi nunueni kipya, kwa sababu cha mtumba kimeshafyonza maji ya hewani. Kisha pampu ivute hewa yote kwa nusu saa au zaidi. Pampu izimwe, mtazame geji. Mshale ukipanda, kazi haijaisha. Usipopanda, gesi ipimwe kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti.

Ulizeni pia ni gesi gani. Magari ya kabla ya miaka ya 1990 yalitumia R12, inayoharibu tabaka la ozoni. Mapatano ya Montreal ya 1987 yaliiondoa, na watengenezaji wakahamia R134a. Oili ya R12 haielewani na R134a, kwa hiyo kubadili ni kazi kamili, si kumimina tu. Nayo R134a ina makosa yake: kilo moja ikiachiliwa hewani hupasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Mapatano ya Kigali ya 2016 yanataka ipunguzwe. Fundi mwenye mashine ya kuinyonya asiiachilie.

Akiwaambia atatia gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi, ondokeni. Itapoza, sikatai, lakini evaporeta iko ndani mlipokaa, na cheche moja yatosha. Vijana wenu wanaojifunza ufundi wavae miwani: R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikiruka jichoni hugandisha.

Lile gari la Dagoretti? Mpira mmoja ulikuwa umesuguana na chuma hadi ukatoboka. Kuubadilisha pamoja na kichungi kuligharimu chini ya zile mara tatu.

Mkikutana, jadilianeni: ni nani katika kikundi chetu ana ruhusa ya kumwuliza fundi maswali? Tunalipa kabla au baada ya kuonyeshwa kilichoharibika? Na yule mama aliyeambiwa angoje, je, alirudishiwa zamu yake?