Namna ya Kurudia Filamu ya Kutisha Ili Utulie

Nikiwa na wasiwasi, mara nyingi naweka Halloween ya John Carpenter, ya mwaka 1978. Naijua tangu mwanzo hadi mwisho. Watu huniuliza: muuaji mwenye kisu atakutulizaje? Ni kwamba wasiwasi wa maisha hujui utaisha lini, ilhali hofu ya filamu ninayoijua ina mwisho, na rimoti ninayo mimi.

Ukitaka kujaribu, zingatia haya:

1. Chagua uliyokwisha kuiona. Mpya itakushtukiza tu. Katika Halloween, Laurie Strode, anayeigizwa na Jamie Lee Curtis, anasimama akilia huku nyuma yake pana mlango wenye giza totoro. Taratibu, kinyago cheupe cha muuaji, Michael Myers, kinajitokeza gizani. Mara ya kwanza niliruka. Siku hizi jicho langu linawahi mlangoni, moyo unadunda, kisha nashusha pumzi. Mwili umepata mshtuko uliokuwa ukiutarajia, ukapita salama.

2. Chunguza ilivyotengenezwa. Kinyago kile kilikuwa cha sura ya Captain Kirk wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe. Majani makavu yaliyotapakaa mitaani ni ya bandia, kwa sababu walirekodi California wakati usio wa majani kupukutika. Damu yenyewe ni haba. Ukishaona hofu inavyoundwa, unapata mazoea ya kuikagua hofu yoyote kabla ya kuikimbia.

3. Tumia sauti. Muziki wa kinanda unaojirudiarudia katika Halloween aliutunga Carpenter mwenyewe, na hofu nyingi imo humo. Punguza sauti uone kitisho kinavyonywea. Ukijisikia tayari, ongeza kidogo.

4. Usitoneshe kidonda. Aliyewahi kuvamiwa nyumbani asitafute nafuu kwenye filamu ya watu kuvamiwa. Aliyefiwa karibuni aachane na za mizimu.

5. Ifikishe mwisho. Ukiizima katikati, unalala na hofu nusu. Michael Myers hutoweka, ni kweli, lakini Laurie yu hai na watoto aliokuwa akiwalea wametoka salama. Hapo ndipo mabega yangu hulegea.

Sijioni wa ajabu kwa hili. Mwaka 2021, Coltan Scrivner na wenzake walichapisha utafiti wa kipindi cha korona: wapenzi wa filamu za kutisha walieleza kuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wengine. Hilo halithibitishi kwamba filamu ni dawa, ila linaafikiana na ninayoyaona kwangu.

Kipimo chako kiwe usingizi. Ukiitazama kisha ukakesha unasikiliza kila mlio wa dirisha, hiyo haikufai; tafuta nyingine, au achana nazo kabisa. Tunachotafuta hapa ni utulivu, na hakuna anayekupima ujasiri.