Damu ya ng'ombe husema kweli

Wewe mwenye ng'ombe, sikiliza. Ulifanya kazi mgodini, na kwa mshahara wako ukanunua ng'ombe. Sasa ametupa mimba katika mwezi wa saba. Amepona, ala majani vizuri. Wasema, «Jirani ameniroga.» Usiseme hivyo. Mwite mganga wa nyama, apime damu.

Kuna ugonjwa wa kutupa mimba, jina lake brusela. Kijidudu chake hakionekani kwa macho. Lakini kikiingia mwilini, damu hufanya walinzi wa kukishika. Kila ugonjwa una walinzi wake. Mganga akiwaona walinzi wa brusela, ajua adui amekwisha kuingia.

Kazi yake ni hii. Atoa damu shingoni, aitia katika kichupa, aiacha igande. Maji ya manjano hubaki juu. Tone moja la maji hayo hulichanganya juu ya kibao na tone la dawa nyekundu yenye vijidudu vya brusela vilivyokufa. Atikisa dakika 4. Walinzi wakiwamo, dawa hukatika kama maziwa yaliyoharibika. Wasipokuwamo, hubaki laini.

Mwaka 1905, katika kisiwa cha Malta, mganga Zammit alipima damu ya mbuzi. Kwa macho walikuwa wazima, lakini damu iliwashitaki. Mwaka 1906 askari Waingereza walikatazwa maziwa ya mbuzi hao, na homa yao ikapungua sana.

Maana brusela humshika mtu pia. Mtoto wako anywa maziwa mabichi, apata homa isiyokwisha, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Nanyi mwasema ni malaria tu.

Basi shika maneno haya:

1. Pimisha ng'ombe wote, si yule mmoja. Pimisha tena baadaye, maana walinzi hawaonekani siku ya kwanza.
2. Kama ng'ombe alichanjwa, mwambie mganga. Chanjo nayo huleta walinzi.
3. Chemsha maziwa.
4. Usishike kondo kwa mikono mitupu. Lizike shimo refu.
5. Damu ikimshitaki ng'ombe, usimwuze kwa kufuga. Fedha utapata, lakini zizi la mwenzako litaugua. Fuata shauri la mganga.

Waganga wa nyama hufundishwa Lubumbashi, katika Chuo Kikuu. Usione haya kuwauliza.

Maulizo: Mganga atafuta nini katika damu? Kwa nini ng'ombe mnene aweza kuwa mgonjwa?