Kuchagua Sehemu ya Picha kwa GIMP

Mara nyingi familia iliyofiwa huleta parokiani picha moja tu ya marehemu, tena ya kundi, iliyopigwa harusini. Wanaomba awekwe peke yake kwenye ratiba ya misa ya mazishi. Kazi hiyo yawezekana kwa GIMP, programu ya bure iliyopo tangu mwaka 1996, mradi tujue kuchagua.

Kuchagua ni kuiambia kompyuta: fanya kazi hapa, kwingine usiguse. Eneo lililochaguliwa huzungukwa na vistari vinavyotembea kama siafu. Zana za msingi ni hizi:

1. Mstatili (herufi R) na duara (herufi E). Unaburuta kipanya tu. Zinafaa kwa uso ulio mbali na nyuso nyingine.

2. Mkono huru (herufi F). Bofya nukta baada ya nukta kuzunguka umbo, rudi ulipoanzia, kisha bonyeza Enter.

3. Fimbo ya rangi (herufi U). Bofya mahali pamoja, nayo huchukua sehemu zote zinazopakana zenye rangi inayofanana. Lakini marehemu akiwa na shati jeupe mbele ya ukuta mweupe, ukibofya ukuta, shati nalo laweza kuchukuliwa. Zana hii haijui mtu wala ukuta. Inajua rangi tu. Hapo tumia mkono huru.

Eneo likipungua, shikilia Shift kabla ya kubofya ili uongeze. Likizidi, shikilia Ctrl ili upunguze. Kisha fungua menyu ya Select, chagua Feather, andika pikseli 2, ili kingo zisionekane kama zimekatwa kwa mkasi. Nakili kwa Ctrl+C, halafu bonyeza Ctrl+Shift+V kupata picha mpya. Ile ya asili usiiguse. Huenda familia haina nyingine.

Neno la mwisho. Zana inayomtoa mtu kwenye kundi yaweza pia kumwingiza mahali ambapo hakuwapo. Kuondoa ukuta nyuma ya marehemu hakumdanganyi yeyote. Kumpachika kiongozi kwenye picha ya sherehe ambayo hakuhudhuria ni kushuhudia uongo, hata kama kingo ni laini. Basi kabla ya kukata tujiulize: atakayeiona picha hii ataamini nini, na je, ndivyo ilivyokuwa?