DARASA LA IJUMAA: NANI ATAMWAMSHA JIRANI YAKO?



Ndugu Waislamu, wababa na wamama,

Abdullah ibn Umm Maktum (Mungu awe radhi naye) alikuwa kipofu, na alikuwa mwadhini wa Mtume (s.a.w.). Hakuona alfajiri. Alingoja watu wamwambie kumepambazuka, ndipo akaadhini, na mji mzima ukamsikia. Kazi yake ilisimama kwa sababu kulikuwa na watu wa kumwambia.

Sasa tujiulize. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika, mimi nilitoka mbio na watoto. Nilipita kwa mlango wa jirani ambaye ni kiziwi. Nilifikiri wadogo zake wamemwita. Nao walifikiri mimi nimemwita. Alilala peke yake kwenye avenyu iliyobaki tupu. Lava haikufika kwetu, alhamdulillahi. Lakini mimi sikuwa nimefanya wajibu wangu.

Tarehe 27 watu walipoamriwa kuhama, wengi walikwenda Sake kwa miguu, kilometa zaidi ya 20. Je, asiye na miguu?

Kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kufunga mlango wake usiku. Basi tujitayarishe:

1. Kila mlemavu achague watu wawili wa karibu, si mmoja. Mmoja anaweza kuwa safarini.
2. Kiziwi: mpatane alama. Mwenye kumwamsha awe na ruhusa ya kuingia, amguse au ammulike kwa tochi.
3. Kipofu: mpitishe njia ya kutokea mchana, mara nyingi. Siku ya kukimbia usimvute; yeye ndiye akushike mkono.
4. Asiyetembea: patana leo na mwenye chukudu. Magongo yalale kando ya kitanda. Muulize mwenyewe namna ya kumbeba. Mwili wake anaujua yeye.
5. Mfuko mmoja mlangoni: dawa, maji, karte ya uchaguzi, namba za telefone zilizoandikwa kwenye karatasi.

Nawe ndugu mlemavu, usione haya kuomba. Ni haki yako kwa jirani.

Mimi nimekwisha kwenda kwa jirani yangu. Alinionyesha dirisha la kugonga, ambapo kitanda chake kinatikisika. Miaka mingi tunaishi pamoja, sikulijua.

Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu abishe hodi kwenye mlango mmoja.

Wabillahi tawfiq.