Siku Mbili Milimani: Somo kwa Makundi ya Matembezi

Madaktari wakuu wa serikali nchini Uingereza wanashauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa mwendo unaoongeza mapigo ya moyo, huku mtu akiweza bado kuzungumza, kumo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana makundi ya matembezi yamekuwa mengi mijini, na baadhi yake huamua mara moja kwa mwaka kwenda kulala nje ya mji mwishoni mwa wiki.

Somo hili linafuata kundi la mfano: watu 12 wa familia za Waswahili wa Manchester, wakiwamo wazee wawili na vijana watatu. Jumamosi moja ya mwezi Mei wanapanda treni hadi Edale, kijiji kilicho katika milima ya Peak District, wakakusudia kulala usiku mmoja katika hosteli yenye jiko.

Je, ardhi ile ni ya nani?

Wengi husita kwenda mashambani kwa kudhani kwamba watafukuzwa. Hofu hiyo haikuwa ya wageni peke yao. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima wa Kinder Scout ulio juu ya Edale bila ruhusa ya wenye ardhi, na watano kati yao walifungwa gerezani. Baadaye sheria ya mwaka 1949 iliruhusu kuundwa kwa hifadhi za taifa, na Peak District ikawa ya kwanza mwaka 1951. Sheria ya mwaka 2000 ikawapa watu haki ya kutembea kwa miguu katika sehemu kubwa za milima na nyika.

Kwa hiyo familia inayotembea pale haiombi fadhila. Inatumia haki ya umma. Haki hiyo ina adabu zake. Njia ya waenda kwa miguu huonyeshwa kwa mshale wa manjano. Lango lililokutwa limefungwa huachwa limefungwa, na lililokutwa wazi huachwa wazi. Taka hurudishwa nyumbani. Ng'ombe wenye ndama hupitwa kwa mbali, kwa utulivu, na mtu asipite kati ya mama na ndama wake.

Kabla ya kuondoka

Mwezi Mei mjini huweza kuwa na jua, na papo hapo juu ya mlima pakawa na ukungu, upepo na mvua. Kinder Scout una urefu wa mita 636 tu, lakini kilele chake ni uwanda mpana ambao mtu hupotea kwa urahisi. Kiongozi husoma utabiri wa hali ya hewa wa milimani asubuhi ya safari, wala haoni aibu kubadili njia.

Nguo za pamba, zikiwemo suruali za jinzi, hushika maji na kuupoza mwili. Afadhali nguo nyepesi kadhaa zilizovaliwa moja juu ya nyingine, sweta la sufu, na koti lisilopenyeza maji. Kanzu, baibui au sketi ndefu haizuii kutembea, ila pindo lisiburuzike chini. Viatu viwe na soli zenye meno, na viwe vimekwisha kuvaliwa mara kadhaa kabla ya safari.

Muda wa njia huhesabiwa hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mita 400 za kupanda ni saa 2 na dakika 40 kwa mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Kundi lenye wazee na watoto hujipa karibu muda maradufu.

Bi mkubwa aliyenyamaza

Katika kundi hili yumo mama wa miaka 61 anayejidunga insulini kwa ajili ya kisukari. Asubuhi alijidunga kiasi kilekile cha kila siku, lakini kwa haraka ya treni alikula kipande kimoja tu cha mkate. Baada ya saa moja ya kupanda alianza kutetemeka na kutoka jasho jingi. Hakusema neno, maana aliona haya kuwachelewesha wenzake.

Msichana aliyekuwa nyuma yake akamwuliza, "Shangazi, mbona kimya?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Nendeni, nitawafuata."

Msichana hakwenda. Alipomwuliza tena, shangazi alijibu maneno yasiyoeleweka. Ndipo kundi lilipotambua kwamba si uchovu. Walimketisha pahali pasipo na upepo, wakamfunika koti, wakampa glasi ndogo ya maji ya matunda yenye sukari. Kipimo chake kilionyesha 3.1, na chini ya 4 ni hatari. Baada ya dakika 15 walipima tena. Sukari ilikuwa imepanda. Akala mkate na ndizi. Kisha watu wote 12 wakateremka pamoja, na kilele kikaachwa kwa siku nyingine.

Kutembea huishusha sukari ya damu, na mshuko huo huweza kuendelea hadi siku ya pili. Kwa sababu hiyo, mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari huzungumza na daktari au muuguzi wake kabla ya safari, kwani huenda dozi ikahitaji kubadilishwa. Hubeba kipimo, dawa za akiba na kitu chenye sukari ya haraka. Soda isiyo na sukari haimsaidii. Akizimia, asipewe chakula wala kinywaji: alazwe kwa ubavu, na 999 ipigiwe simu mara moja.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kiongozi mwema hamwachii mgonjwa peke yake mzigo wa kusema. Kabla ya kuanza huuliza kila mtu kwa faragha kuhusu kisukari, pumu, moyo na dawa. Njiani mwendo hupangwa na aliye wa polepole kuliko wote, wala hakuna anayeachwa nyuma.

Kupe

Kupe wa Uingereza hukaa katika majani marefu na vichaka, hasa kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Wengi hawana madhara, lakini baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Jioni kila mtu hujikagua: nyuma ya magoti, kwapani, kwenye kinena, nyuma ya masikio na chini ya hijabu. Watoto hukaguliwa hadi kwenye nywele.

Kupe hushikwa kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, akavutwa juu polepole bila kumkamua. Asichomwe moto wala kupakwa mafuta. Kisha pahali hapo huoshwa kwa sabuni.

Dalili ya kuangaliwa ni duara linalotanuka, mara nyingi ndani ya wiki 4, ingawa huweza kuchelewa hadi miezi 3. Katika ngozi nyeusi duara hilo huenda lisiwe jekundu. Huweza kufanana na alama ya kugongwa. Mwenye kuliona, au mwenye homa na maumivu ya mwili baada ya kuumwa na kupe, humwona daktari wa familia na kumweleza kwamba alikuwa mashambani. Ugonjwa huu hutibiwa kwa antibiotiki.

Kuomba msaada

Mtu akiumia au kupotea mlimani, hupigwa 999, kuombwa polisi, kisha waokoaji wa milimani. Waokoaji hao ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo. Pasipo mtandao, filimbi hupulizwa mara 6 ndani ya dakika moja, kukatulizwa dakika moja, kisha kurudiwa. Kwa ushauri usio wa dharura hupigwa 111 bila malipo, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani kwa kutaja neno "Swahili".

Mtu anayetetemeka sana, ulimi ukawa mzito na akili ikavurugika, amepoa kupita kiasi. Hiyo ni dharura. Huwekwa pasipo upepo, huvuliwa nguo zenye maji na kuvishwa kavu, na 999 huitwa.

Sala na chakula

Jiko la hosteli huwawezesha wasafiri kupika chakula chao halali, na pilau la jioni hurudisha nguvu za njiani. Kibla kutoka Uingereza kiko upande wa kusini-mashariki; dira ya matembezi yatosha. Maji ya vijito yasinywewe bila kuchemshwa.

Maswali ya kujadili nyumbani au kundini

1. Nani katika familia huficha maradhi yake kwa kuona haya, na atauliziwaje bila kuaibishwa?
2. Kila mtu anajua kusema kwa Kiingereza jina la ugonjwa wake na la dawa zake?
3. Je, kundi limekubaliana kabla ya safari kwamba mmoja akirudi, hatarudi peke yake?

Jumapili asubuhi kundi la Edale lilichagua njia fupi ya bondeni. Yule mama alikula vizuri, akapima sukari, akatembea mbele ya wote, na wenzake wakaufuata mwendo wake.