SOMO: TUMETAWANYIKA, LAKINI TU KUNDI MOJA

Masomo: Yeremia 28 na 29, 2 Wathesalonike 2:1-2 na 3:17, 2 Wakorintho 8:16-21, Warumi 16, 3 Yohana



Leo tunajifunza habari ya makundi yetu ya simu. Karibu kila nyumba hapa ina jamaa mahali pengine. Mmoja yuko Nakivale, mwingine Nyarugusu, mama mkubwa alibaki Uvira, na watoto wake walipata safari ya Marekani au Australia. Waimbaji wa kwaya moja leo wako katika nchi nne. Kinachowaunganisha ni kundi la WhatsApp. Humo tunapata habari ya msiba, humo tunachangia mgonjwa, humo tunaombeana. Lakini humo pia uvumi unaingia, fedha zinapotea, na ndugu waliokimbia pamoja wanatukanana hadi wanaondoka mmoja mmoja. Basi tujiulize: kundi la watu wasioonana linajengwaje, nalo linadumuje?

Jambo hili si geni kwa watu wa Mungu. Yeremia aliwaandikia barua watu waliohamishwa Babeli. Petro aliwaandikia wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia. Barua zilikwenda kwa miguu na kwa merikebu, hata hivyo makanisa yalibaki na umoja. Siri haikuwa karatasi. Siri ilikuwa watu waaminifu waliozibeba, na utaratibu uliofuatwa. Tuangalie mambo matano.

1. Kila habari iwe na mwenyewe

Yeremia 29:3 inawataja kwa majina watu wawili waliochukua barua: Elasa na Gemaria. Paulo alimtuma Tikiko pamoja na Onesimo kwa Wakolosai, ili wawaeleze habari zake zote (Wakolosai 4:7-9). Msikilizaji akiwa na shaka, alikuwa na mtu wa kumwuliza.

Wathesalonike walifadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuja, na Paulo aliwaonya wasitikiswe hata na barua inayodaiwa kuwa imetoka kwake. Mwishoni aliweka salamu kwa mkono wake mwenyewe, akasema hiyo ndiyo alama yake katika kila barua.

Nasi tuangalie alama. Tangu mwaka 2018, WhatsApp inaonyesha kama ujumbe umesambazwa tu. Tangu mwaka 2020, ujumbe uliopita mikono mingi unaweza kupelekwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa mara moja. Alama hiyo haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema kwamba aliyeituma siye aliyeiandika. Basi tuulize: Nani alisema? Aliona mwenyewe? Lini?

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokuwa na tarehe ya kuondoka zikabaki. Wakati wa namna hiyo moyo unatafuta neno tamu, na hapo ndipo anatokea mtu wa kusema anayo njia, mradi apewe fedha kidogo. UNHCR inatangaza wazi kwamba huduma zake zote ni bure, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayedai fedha kwa ajili ya kuandikisha jina lako ni mwizi, hata kama anaanza kwa sala.

Hanania naye aliwapa watu neno tamu: baada ya miaka 2 mambo yatarudi kama zamani. Yeremia akaandika miaka 70, akawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Uvumi wa safari una gharama. Anayeuamini anaacha kulima, anauza mabati na sufuria, kisha msimu unapita na watoto hawana chakula.

2. Fedha zipite katika mikono zaidi ya mmoja

Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na alitaja sababu: asiwepo wa kuwalaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa mtume alikubali kusimamiwa, sisi ni nani tukatae?

Ndugu anayetuma mchango wa msiba kutoka ng'ambo haokoti fedha barabarani. Anazipata kwa jasho, naye haoni jeneza wala daftari letu. Kundi liweke watu watatu: mmoja anapokea kwenye simu, mwingine anaandika, wa tatu anakagua. Mazishi yakiisha, hesabu isomwe mbele ya wote: zimeingia ngapi, zimetoka kwa kazi gani, makato ya kutoa yalikuwa kiasi gani, zimebaki ngapi. Makundi mengi hayafi kwa sababu ya wizi. Yanafa kwa sababu hakuna aliyetoa hesabu, na watu wakaanza kunong'ona.

3. Msimamizi ni shemasi, si chifu

Katika 3 Yohana tunamkuta Diotrefe, aliyependa kuwa wa kwanza. Aliwasema wengine kwa maneno maovu, akakataa kuwapokea ndugu, na waliotaka kuwapokea akawatoa katika kanisa. Leo msimamizi wa kundi, yule tunayemwita admini, anaweza kumtoa mtu kwa kidole kimoja. Kwa hiyo wawe wawili au watatu, wa sehemu na makabila tofauti, na mmoja wao awe mama. Sheria ziwe chache na zijulikane mapema, ili asitolewe mtu kwa hasira ya usiku mmoja.

Ndugu akikosa, tufuate Mathayo 18:15: kwanza apigiwe simu faraghani. Lakini sauti ya kutukana kabila la mwenzake ifutwe mara moja, ndipo mwenyewe aitwe. Tukumbuke kwamba neno lililorekodiwa hapa kwa hasira linafika nyumbani kwetu kwa dakika moja, na huko kuna watu wenye bunduki. Sisi tunajua maneno ya namna hiyo yanazaa nini. Ndiyo sababu tuko hapa.

4. Tumtafute aliyenyamaza

Paulo aliandika Warumi kabla hajafika Rumi, lakini katika sura ya 16 anawasalimu watu zaidi ya 20 kwa majina. Anamtaja Mariamu kwa kazi yake nyingi, na mama yake Rufo, ambaye kwake alikuwa kama mama. Hakusema tu "salamu kwa wote".

Kundi la watu 100 linaweza kuonekana hai, kumbe wanaosema ni watano. Wengine wako wapi? Mmoja hana bando. Mwingine ana simu ya kitochi. Mwingine hakusoma shule, anaona aibu. Mwingine ana huzuni nzito, na hakuna aliyeuliza. Wiki mbili zikipita bila mtu kusikika, msimamizi amtafute kwa jina lake.

Zamani barua zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa, kisha zikapelekwa kwa wengine, kama Wakolosai walivyoagizwa kubadilishana na Walaodikia (Wakolosai 4:16). Asiyejua kusoma alipata neno sawa na msomi. Tufanye vivyo hivyo. Kila mtaa uwe na kijana anayemtembelea mama mzee asiye na simu, amsomee habari, amrekodi sauti yake na kuituma kwa watoto wake walio mbali. Tena tupunguze video nzito. Zinakula bando la maskini kabla hajasikia habari ya msiba wake mwenyewe.

5. Kundi ni daraja, si nyumba

Yohana alikuwa na mengi ya kuandika, lakini hakutaka kuyamaliza kwa wino na kalamu. Alitaka kuonana uso kwa uso (2 Yohana 12, 3 Yohana 13-14). Wafilipi nao hawakutuma msaada tu. Walimtuma mtu, Epafrodito, akaugua karibu kufa katika kazi hiyo (Wafilipi 2:25-30).

Daraja ni zuri, lakini hakuna anayelala darajani. Tukisoma kwamba ndugu ni mgonjwa, na kiwanja chake ni cha tatu kutoka kwetu, tusiandike "Amina, pole sana" tukaendelea kulala. Tuchukue maji na kuni, twende. Walio mbali sana hawawezi kufika, hao watume neno. Sisi tulio karibu ndio mikono yao.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni habari gani tuliyosambaza mwezi huu bila kujua imetoka kwa nani?
2. Katika kundi letu, nani anapokea michango, na nani anakagua?
3. Ni nani hajasikika kwa wiki mbili? Nani atampigia, na siku gani?
4. Ni jirani gani tunamwombea kwa simu tu, wala hatujamtembelea?

Familia ichague jambo moja ilifanye kabla ya Jumapili. Bwana aliyewalinda watu wake Babeli awalinde ninyi na wenu walio mbali. Amina.